Spika Mbili na Sauti Isiyokaa Katikati: Kutafuta Kasoro ya Stereo Sebuleni

Watu wengi jijini Dar es Salaam wanaolalamika kwamba redio yao "haina stereo" hukimbilia Kariakoo kutafuta spika kubwa zaidi, na wengi wao hurudi nyumbani na tatizo lile lile, ila sasa linasikika mpaka kwa jirani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifungua, kufunga na kusogeza spika za ndugu na majirani, na nimeona kwamba mara nyingi kasoro haimo ndani ya spika. Imo kwenye nyaya, kwenye mahali spika zilipowekwa, au kwenye kiti anachokalia msikilizaji. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na dalili inayosikika, kisha unaitafutia chanzo, ukitanguliza yale yasiyogharimu hata shilingi.

Kipimo cha kuanzia

Stereo ni kiinimacho cha masikio. Spika mbili zikitoa sauti ile ile kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa, ubongo hauzisikii kama spika mbili, bali huiweka sauti hiyo katikati yake, mahali ambapo hakuna kitu. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliombea hataza mpangilio wa namna hii mwezi Desemba 1931, na hadi leo kila amplifaya yenye chaneli ya kushoto na ya kulia inategemea kanuni hiyo hiyo. Kiinimacho kikishindwa katikati, vyombo vya pembeni navyo hukosa mahali pa kusimama.

Kipimo bora basi ni sauti ya mtu mmoja anayezungumza, na msomaji wa taarifa ya habari anafaa kuliko muziki wowote, kwa sababu kila mmoja wetu anajua sauti ya binadamu inavyokuwa. Rekodi ya zamani ya muziki wa dansi iliyofanywa kwa mono, yaani kwa chaneli moja tu, nayo inafaa sana: ndani yake magitaa, tarumbeta na waimbaji wote wanapaswa kutoka katikati, na hilo si ubovu. Zima kwanza mapambo yote ya amplifaya, yaani "surround", mwangwi wa karaoke na vitufe vya kuongeza besi, kisha rudisha kitufe cha balansi katikati. Kaa mahali unapokaa siku zote, fumba macho, na unyooshe kidole kuelekea sauti inakotoka. Ukifumbua macho, kidole kinapaswa kuwa kimeelekea kwenye nafasi iliyo kati ya spika mbili. Kikiwa kimeelekea kwingine, au ukiwa umeshindwa kabisa kuamua pa kukielekeza, endelea kusoma.

Sauti imetapakaa, haina mahali, na besi imepungua

Hii ndiyo kasoro ninayoikuta mara nyingi zaidi, na ndiyo inayowapotezea watu fedha nyingi bila sababu. Mjomba wangu wa Tabata aliniita akisema spika zake zimechoka, na alikuwa ameshakusanya fedha za kununua nyingine. Nilipokaa kwenye kochi na kusikiliza taarifa ya habari, sauti ya msomaji ilikuwa kama imepakwa kwenye kuta zote mbili, na nilipogeuza kichwa kidogo nilihisi mgandamizo wa ajabu masikioni. Nilimuuliza, "Mjomba, hizi nyaya alizifunga nani?" Akacheka. "Niliziunganisha mwenyewe, mpwa wangu. Wapaka rangi walichomoa kila kitu, nikazirudisha usiku, umeme umekatika, nina tochi mdomoni." Waya wa spika ya kulia ulikuwa umegeuzwa: uliotoka kwenye tundu jekundu la amplifaya ulikuwa umeingia kwenye tundu jeusi la spika.

Waya ukigeuzwa upande mmoja tu, karatasi ya spika moja husukuma hewa mbele wakati ya pili inaivuta nyuma, na mawimbi yao yanapokutana hubatilishana. Besi ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa wimbi lake ni refu: katika joto letu la nyuzi 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, na spika mbili zilizoachana kwa mita 2 hulishughulikia kana kwamba ziko mahali pamoja. Moja inajaza, nyingine inamwaga.

Tiba yake ni kuzima amplifaya, kuufuata waya kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, na kuhakikisha kwamba nyekundu inaingia nyekundu na nyeusi inaingia nyeusi kwa spika zote mbili. Waya mwingi wa spika una alama upande mmoja, ama mstari wa rangi, ama maandishi, ama mfuo unaosikika ukipitisha ukucha. Ikiwa waya wako hauna alama yoyote, funga kipande cha uzi kwenye ncha zote mbili za upande mmoja.

Yapo matukio magumu zaidi, ambapo nyaya za nje ziko sawa lakini fundi aliyewahi kubadilisha wufa, yaani ile spika kubwa ya sauti nzito, alizigeuza ndani ya boksi. Hapo tumia betri ya volti 1.5. Chomoa kwanza nyaya za spika kutoka kwenye amplifaya, kisha gusisha chanya ya betri kwenye tundu jekundu la spika na hasi kwenye jeusi, kwa sekunde moja tu, huku ukitazama karatasi ya wufa. Kwa kawaida karatasi huruka kuja mbele. Zipo spika chache za zamani zilizotengenezwa kinyume na hivyo, kwa hiyo usihangaike kama zote mbili zinarudi nyuma. Linalotakiwa ni zifanane. Usiguse twita, yaani ile spika ndogo ya sauti kali, moja kwa moja kwa betri.

Baada ya kugeuza waya mmoja kwa mjomba, msomaji wa habari alihamia juu ya televisheni, na besi ikarudi kiasi kwamba shangazi alitoka jikoni kuuliza ni nani aliyeongeza sauti.

Mwimbaji ametoweka, imebaki ala tupu

Dalili hii hufanana na ile ya kwanza, lakini si ile. Hapa sauti ya mwimbaji haikutapakaa: imefutika, au inasikika kwa mbali kama iko ndani ya pipa, wakati ala za pembeni zinasikika vizuri. Chanzo chake mara nyingi ni pini ya waya unaotoka kwenye simu. Pini hiyo ina sehemu ya kushoto, ya kulia, na sehemu ya tatu ambayo chaneli zote mbili zinaitumia kurudisha mkondo. Sehemu hiyo ya tatu isipogusa, kwa sababu pini haikuingia hadi mwisho, kava la simu linaizuia au waya umekatika ndani, kinachobaki ni tofauti kati ya kushoto na kulia. Na kwa kuwa mwimbaji yuko sawa pande zote mbili, tofauti yake ni sifuri. Vua kava, sukuma pini mpaka isikike imeingia, na ikishindikana badilisha waya. Ni waya wa bei ndogo, na kuukatakata ili kuuunga upya si kazi yenye faida.

Sauti imeegemea upande mmoja

Kabla ya kugusa chochote, pima kwa futi umbali kutoka kichwani pako hadi kila spika. Sauti inayotangulia kufika ndiyo inayoamua mahali, na kutangulia kwa elfu moja ya sekunde, yaani tofauti ya sentimita 35 hivi, kunatosha kuivuta sauti yote kwenye spika iliyo karibu. Katika sebule nyingi za hapa mjini kochi la watu watatu limewekwa ukutani kwa pembe, na baba mwenye nyumba anakaa kwenye kiti chake cha pembeni, mita moja kutoka spika ya kushoto na mita tatu kutoka ya kulia. Hakuna amplifaya itakayoirekebisha hali hiyo sawasawa. Ama kiti kihame, ama spika zihame, ama mwenye kiti akubali kwamba stereo ni ya anayekaa katikati.

Ikiwa umbali ni sawa na sauti bado imeegemea, tumia njia ya kubadilishana, ambayo mafundi wazuri huitumia kabla ya kushika bisibisi. Zima amplifaya, hamishia spika ya kushoto pamoja na waya wake upande wa kulia, kwenye tundu la kulia, na ya kulia upande wa kushoto, kwenye tundu la kushoto, ukiacha kila kitu kingine kama kilivyo. Udhaifu ukihamia upande wa pili, ugonjwa uko kwenye spika au kwenye waya wake. Ukibaki upande ule ule, rudisha spika mahali pake, kisha badilisha pini za kushoto na kulia zinazoingia nyuma ya amplifaya. Udhaifu ukihama sasa, chanzo ni simu, king'amuzi au waya unaotoka huko. Usipohama, amplifaya yenyewe ndiyo mgonjwa. Majaribio hayo mawili huchukua dakika kumi na humzuia fundi asiye mwaminifu kukubadilishia kifaa kizima.

Chanzo kikiwa simu, fungua mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu ("Accessibility"), uone kama kijiti cha balansi kimesogezwa upande au kama sauti imewekwa kuwa ya mono. Watoto hucheza na simu, na sehemu hiyo haikumbukwi na mtu.

Chanzo kikiwa waya, angalia ncha zake. Kwa wanaokaa Msasani, Mbezi Beach, Kigamboni na kwingineko karibu na bahari, hewa ya chumvi huigeuza shaba kuwa ya kijani au nyeusi ndani ya muda mfupi, na waya wenye kutu hiyo hupitisha umeme kwa shida. Kata sentimita mbili, menya upya mpaka uone shaba inayong'aa, sokota na ukaze. Ukikwangua uzi wa waya kwa kisu ukaona weupe chini ya wekundu, umeuziwa aluminiamu iliyopakwa shaba. Na waya mwembamba kama wa kengele haufai kwa umbali mrefu: waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, uliovutwa mita 5 kwenda na mita 5 kurudi, una ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kinachopimwa kwa omu, wa takriban omu 0.12, wakati ule wa milimita za mraba 0.2 unakaribia omu 0.9, kiasi kisicho kidogo mbele ya spika ya omu 4 au 8. Waya wa kawaida wa mbili na nusu (milimita za mraba 2.5) unaotumiwa na mafundi umeme, ule wenye nyuzi nyingi laini, unatosha kabisa. Wauzaji wa waya wa bei ya mbuzi watanisamehe.

Sauti iko katikati, lakini imebanana

Hapa kila kitu kimeungwa vizuri, ila muziki wote unatoka kwenye dirisha dogo. Mara nyingi spika zimesimama pande mbili za televisheni kwa umbali wa nusu mita, kama ilivyo kwa sabufa nyingi zenye vispika viwili na nyaya fupi. Refusha nyaya, kisha tengeneza pembetatu yenye pande sawa: mita 2 kati ya spika na spika, na mita 2 au zaidi kidogo kutoka kila spika hadi kichwani. Twita iwe usawa wa sikio la mtu aliyekaa, yaani kati ya sentimita 90 na mita 1 kutoka sakafuni. Spika iliyo juu ya kabati au chini karibu na miguu ya meza hupoteza ile milio myembamba ya kayamba na ya fidla ya taarabu, kwa kuwa sauti kali hutoka kwenye twita kama mwanga wa tochi.

Zigeuze spika zimwelekee msikilizaji kidogo kidogo, nyuzi chache kila mara, huku mtu mwingine akisikiliza. Zikigeuzwa mno sauti ya katikati huwa kali na upana hupotea. Zisipogeuzwa kabisa, katikati hulegea. Kazi hii haina namba moja inayofaa kila nyumba.

Besi inavuma, au imepotea pale unapokaa tu

Sebule ya kuta za matofali ya saruji hairuhusu besi kutoka, huirudisha ndani. Chumba chenye urefu wa mita 4 huvuma kwa nguvu karibu na hezi 44, na chenye mita 3 karibu na hezi 58. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi, kwa sababu urefu na upana vyote huvuma kwenye noti ile ile. Spika iliyobanwa kwenye kona huuchochea mvumo huo, na kochi lililoegemea ukuta wa nyuma humweka msikilizaji pale unapokuwa mkubwa.

Sogeza spika mbali na kona, uache angalau sentimita 40 nyuma yake, na usogeze kochi mbele hata kwa sentimita 30. Ikiwa spika ina tundu la kupumulia na haiwezi kusogezwa, soksi safi iliyokunjwa na kutiwa ndani ya tundu hupunguza mvumo kwa kiasi kinachosikika. Kwa sabufa iko njia ya kuchekesha lakini ya kweli: iweke juu ya kochi, pale unapokaa, piga wimbo wenye besi ya kutembea, kisha tambaa kwa magoti ukizunguka kuta. Mahali utakaposikia kila noti ikiwa na nguvu sawa, ndipo pa kuiweka. Fanya hivyo wakati hakuna wageni.

Sauti inachoma masikio na maneno hayaeleweki

Simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia mtetemo mfupi kama "trrr" baada ya kofi, sauti inarukaruka kati ya kuta mbili tupu. Vigae sakafuni, lipu laini, dari ya jipsamu na madirisha ya vioo ndiyo mtindo wa nyumba mpya, na vyote hurudisha sauti kama kioo kinavyorudisha mwanga. Mwombe mtu apitishe kioo cha mkononi kando ya ukuta huku wewe umekaa. Pale utakapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga kabla ya kukufikia.

Kabla ya kununua chochote, toa godoro chumbani uliegemeze hapo kwa dakika kumi. Ukisikia maneno yamesafika, umejua kwamba kitu kinene kinahitajika pale: pazia zito lenye mikunjo, rafu iliyojaa vitabu, au zulia nene kati yako na spika. Kanga iliyotundikwa ukutani ni nyepesi mno kufanya kazi hii. Trei za mayai, ambazo watu wengi hubandika kwa imani kubwa, nazo hunyonya sauti kidogo sana na hukusanya vumbi na mende.

Muungurumo wa kudumu

Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, na muungurumo mzito unaosikika hata muziki ukinyamaza hutoka huko. Punguza sauti hadi sifuri. Muungurumo ukibaki vile vile, chanzo kiko ndani ya amplifaya, mara nyingi kapasita kubwa zilizochoka, na hiyo ni kazi ya fundi kwa kuwa hushika umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Muungurumo ukipungua pamoja na sauti, unaingia kutoka nje. Chomoa king'amuzi, pamoja na waya unaotoka kwenye dishi, kisha televisheni, kisha chaja ya kompyuta, kimoja baada ya kingine, mpaka unyamaze. Tiba ya kwanza ni kuvichomeka vyote kwenye ekstensheni moja, ili vitumie ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini, ya mahali pamoja. Usikate kamwe pini ya ethi ili kuunyamazisha. Muungurumo hauui mtu, lakini boksi la chuma lenye umeme linaua.

Amplifaya inayojizima baada ya nusu saa haina uhusiano na hayo. Ondoa kile kitambaa cha kufuma kilichotandikwa juu ya matundu yake ya hewa, kisha hesabu spika: jozi mbili za omu 8 zilizofungwa pamoja ni mzigo wa omu 4, na amplifaya isiyoandikwa kwamba inaubeba mzigo huo itachemka.

Mkwaruzo

Mkwaruzo unaotokea wakati wa kuzungusha kitufe cha sauti pekee ni vumbi na unyevu. Dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme na kuzungusha kitufe mara thelathini, amplifaya ikiwa imezimwa, huumaliza.

Mkwaruzo unaofuata besi ni jambo jingine. Vua kitambaa cha mbele cha spika, uguse kwa ncha ya kidole ule ukingo laini unaoizunguka karatasi ya wufa. Ukingo wa sponji, ulio wa kawaida kwenye spika nyingi za mtumba, huoza kwa umri, na joto na unyevu wa pwani huharakisha kuoza huko. Ukiushika unamomonyoka kama mkate mkavu. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Uwe mzima au umeoza, weka vidole vya mikono miwili pande zote za karatasi na uisukume ndani polepole bila kuipindisha. Ikisikika inakwangua, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, imepinda au imeungua, na wufa inahitaji kutengenezwa upya. Ikienda kimya na ukingo umeoza, kilichoharibika ni ukingo tu, na mafundi wa spika huubandika mpya bila kubadilisha kitu kingine. Mwombe fundi abadilishe ukingo wa spika zote mbili siku moja, kwa sababu ukingo mpya ni mgumu kuliko wa zamani. Akimaliza, acha gundi ikauke usiku kucha, kisha anza tena na msomaji wa taarifa ya habari, kwa sauti ndogo.